Upande wa Ellison

...na heri mvua ingenyesha, maana mvua ikishalipiga bati la darasa hili hakuna anayesikia hata jina lake mwenyewe, mtu unapuliza chochote na ukikosea unaisingizia mvua, lakini wapi, jua limekaa juu ya kijiji cha Uhunaro kama mgeni asiyejua kuaga, upepo umelala, hata wale kuku wa mwalimu mkuu wanaopigana kutwa chini ya madirisha leo wamepatana, na humu ndani wote wamenyamaza wanamtazama yeye, Jemuel Warahu, mpuliza mianzi namba moja wa kusini mwa kisiwa cha Malaita, sifa aliyojipa mwenyewe baada ya kuona watu wanachelewa kumpa, kaketi kwenye dawati la watoto magoti yakikaribia kidevu, ameinua safu ya mianzi, filimbi zilizofungwa pamoja, mpaka karibu na midomo, na hapo mkono umegoma, haupandi wala haushuki, "Tuko tayari, kaka," anasema Daktari Rosina wa chuo kikuu, na yule mzungu mwenzake, Profesa Neville, kidole chake kinaelea juu ya kitufe cha mashine ya kurekodi, anatabasamu, anangoja, anangoja nini huyu, anangoja upande wa Ellison, nusu ya pili ya wimbo, kwani mianzi iliyo mkononi si ya Jemuel, ya Jemuel ile pale juu ya dawati, ameshaipuliza na mashine imeshaimeza, hii ni ya Ellison, kaka yake, na Ellison yuko nyuma ya kanisa chini ya udongo ambao bado haujashikamana vizuri... "Umemeza ulimi au umemeza filimbi?" hiyo ni sauti ya mwalimu mkuu Clement, mwache, alikuwa hivyo hivyo tangu enzi za kiboko, "Navuta hisia, mwalimu," anajibu Jemuel, "kitu kikubwa hakianzi kama pikipiki," wanacheka, Rosina anacheka, afadhali, kicheko kimemnunulia muda kidogo, lakini mkono, mkono bado uko palepale... si alisema mwenyewe anaweza, nani alimtuma, alisema kwa mdomo wake uliojaa popoo la kutafuna, ile siku wasomi hawa walipokuja mara ya kwanza na mipango yao ya mtaala mpya, muziki wa kwetu ufundishwe shuleni kama hesabu inavyofundishwa, visiwa vyote, darasa la kwanza mpaka la sita, wakawa wanauliza nyimbo gani ziingie, na Clement akawaambia wimbo wa Bibi Anakuna Nazi ufuteni, wimbo ule ulikuwa na wapulizaji wawili tu, mmoja amekufa, na wimbo umekufa naye, na Jemuel alikuwa nje ameegemea dirisha, hakuitwa, hakuulizwa, alikuwa anapita zake tu, akalisikia lile neno, umekufa, kalitamka kwa wepesi kama mtu anayesema chai imepoa, akatema mate mekundu, akaingiza kichwa ndani, "Nani kafa? Mimi napuliza pande zote mbili, tena nimefumba macho, niulizeni mimi!" na Clement akasema, "Debe tupu hilo, Daktari, msilisikilize," lakini Daktari Rosina uso ulimkunjuka kama mama aliyeambiwa homa ya mtoto imeshuka, akasema basi tutarudi kukurekodi, kaka, na wamerudi kweli, balaa gani hii, watu wa Honiara, mji mkuu, kwa kawaida wakisema watarudi ndiyo umeshaagana nao mpaka kiyama, Jemuel alikuwa amejenga majigambo yake juu ya msingi huo, imara kabisa, na leo wameshuka kwenye mtumbwi wa mashine na masanduku yao na biskuti... mdomo uliponza kichwa, ndivyo Ellison alivyokuwa akimwambia, Jemu, mdomo wako uko mbele ya wewe mwenyewe, siku moja utafika mahali kabla yako na utapigwa kwa niaba yako.

Na laiti wangekuwa hawa wasomi peke yao, hawa angewamaliza, angewapulizia chochote chenye kupanda na kushuka na wangeandika kwa furaha, lakini pale karibu na mlango amekaa Mama Doresi, mama mkubwa, dada wa mama yake, mama wa Ellison, aliyewalea wote wawili kwa sufuria moja, hakualikwa na mtu, soko la Jumamosi ndilo lililomwambia, Jemuel atapuliza upande wa mwanao, akaoga, akavaa gauni lake la kanisani lenye maua, akashuka kilima kizima na mianzi ya Ellison ameifunga kwenye shati la marehemu, akaiweka mapajani pa Jemuel bila neno, yeye ambaye tangu mazishi hajataka jina la mwanawe litajwe mbele yake, ukilitaja anainuka anakwenda kuchochea moto hata kama hakuna moto, na sasa ameketi miguu pamoja, mikono pamoja, kichwa amekiinamisha upande mmoja, lile sikio lake moja lililo zima likielekea huku, "Mwacheni avute pumzi," anasema mama, "huyu baba tangu mdogo ndivyo alivyo, maneno yanatangulia, kazi inakuja na mtumbwi wa kesho," na wote wanacheka tena, na ndicho kinachomchoma Jemuel, kwamba mama ametania, ana furaha, amekuja kama anayekuja kupokea mtu gatini... "Tukitumia muda huu," Profesa Neville anasema, na lugha ya mwili wake, sijui kama kuna kitu hicho, lakini mikono yake inasema kabla ya mdomo, "tumalizie lile lengo la somo, mimi nimependekeza, mwanafunzi wa darasa la tano aweze kupuliza pande zote mbili za wimbo," na Rosina anasema, "Hapana, Neville, tumeshalizungumza hilo kwenye mtumbwi, huku kwa desturi hakuna anayepuliza pande zote mbili, kupuliza upande mmoja ndiyo muziki wenyewe," "Naelewa, lakini mtihani ni wa mtoto mmoja mmoja, utampimaje mmoja?" "Basi tuwapime wawili wawili," "Wawili wakifanya mtihani mmoja," anadakia Clement, "shule hii tunaita wizi, muulizeni Jemuel," na macho yote yanamrudia, na kweli, muulize, mtihani wa darasa la sita, Ellison dawati la mbele na yeye la nyuma, Ellison akigonga majibu kwa kisigino sakafuni, gonga mara moja ni A, mara mbili ni B, na Jemuel akijibu kwa kisigino kwamba nimepata, songa, mpaka Clement akasema humu darasani kuna ngoma au kuna mtihani, akawakamata, Ellison akapewa onyo kwa kuwa alikuwa na akili, Jemuel akaambiwa arudie mwaka, naye akaeleza kijiji kizima kwamba ameacha shule kwa sababu shule imeishiwa cha kumfundisha, na hajarudi mpaka leo, leo karudi kama mtaalamu, mama mkubwa yuko mlangoni shahidi, angalau hilo...

...puliza basi, puliza, kitu gani hiki, upande wa Ellison unaujua, umeusikia tangu meno yako ya kwanza hayajang'oka, wakati babu alipowakalisha magogoni akampa huyu mianzi hii na huyu mianzi ile, akasema huu utakuwa upande wako mpaka ufe, usishike wa mwenzako, kushika upande wa mwenzako naye yuko hai ni sawa na kuitikia salamu aliyosalimiwa yeye, na hawakushika, hata kwa mchezo, na sauti zenyewe zimegawanywa, moja iko kwako, inayofuata iko kwake, kinanda cha kanisani hakina sauti zile, Profesa asubuhi alizitafuta kwenye kinanda chake kidogo akatoka jasho, zimejificha katikati ya vibao, na yule akipuliza wewe unavuta pumzi, wewe ukipuliza yeye anavuta, kama bibi mwenyewe juu ya mbuzi ya nazi, anasukuma, anavuta, kwaru, kwaru, mpaka mgeni anayepita njiani anaapa ni mtu mmoja mwenye mapafu ya nyangumi, na harusini kijiji cha Ahia watu walikuja kuchungulia nyuma yao kutafuta wa tatu, haya, si unaukumbuka, anza na wako, tu, halafu yeye, halafu tu-tu, halafu yeye, halafu... Jemuel anafumba macho, si alisema atapuliza amefumba macho, anamtafuta, na Ellison anakuja, anakuja mzima mzima, kovu aliloachiwa na panga la nazi kwenye kidole gumba, midomo myekundu, kile kisigino cha kushoto kinachopiga ardhi, jasho limesimama juu ya mdomo wa juu haliporomoki, nyusi zinapanda kabla hajapuliza, zinapanda, anapuliza, mashavu yanatuna... na hakuna sauti. Hakuna. Anamwona anapuliza na hasikii kitu, kama kumtazama mtu ng'ambo ya mto, rudia, tu, nyusi zinapanda, kimya, tu-tu, kimya, sauti zako zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea, zimejipanga safi, zinang'aa, na kila inapofika zamu ya Ellison panakuwa na shimo... "Kaka, hata ikiwa si sawasawa kabisa," Rosina anasema polepole, ameshaona kitu, wanawake wa chuo kikuu nao wana macho, "kadirio tu, watoto wapate picha," kadirio, asante, dada, mlango huo hapo, umefunguliwa na mtu mwenye shahada, ingia, kadiria, huyu anakadiria tangu azaliwe, nani atajua, Neville hajui, Clement hajui tofauti ya wimbo na bawaba, mashine haijui kitu, mashine itachukua upande wa Jemuel na uongo wa Jemuel itaviunganisha, ndivyo Profesa alivyoeleza, tutawaweka pamoja ndani ya mashine utasikia kama mlikuwa wawili, na hapo watoto wa visiwa vingine, mtoto wa Makira na mtoto wa Choiseul na mtoto wa Temotu watajifunza Bibi Anakuna Nazi, wataupuliza siku ya uhuru uwanjani, na jina la Ellison litaandikwa chini yake, mpulizaji upande wa pili, marehemu, na hakuna pumzi yake hata moja ndani, ni Jemuel na Jemuel, Jemuel huku na Jemuel kule, si ndicho alichokitaka siku zote, kijiji chote kitasema hivyo, mwishowe kapata wimbo usio na mtu mwingine ndani yake...

na Mama Doresi atajua, sikio lile halidanganyiki, alikuwa akikaanga samaki huku wao wanafanya mazoezi nyuma ya jiko na akipaza sauti, wewe wa pili umechelewa, rudini mwanzo, atajua kabla sauti ya tatu haijatoka, atainuka na gauni lake la maua atakwenda kuchochea moto usiokuwapo... au asijue. Lo. Asijue. Hilo hakuwa amelifikiria. Kama ameshaanza kusahau naye, kama huko kilimani usiku na mchana anamtafuta mwanawe naye anamwona anapuliza ng'ambo ya mto hasikii, na ndiyo maana ameshuka, amekuja kuchukua ile sauti arudi nayo nyumbani, basi atachukua chochote atakachopewa, atashukuru, atasema ndiyo yeye, mwanangu huyo, na kuanzia leo kila akimkumbuka atakumbuka uongo wa Jemuel, na pale palipokuwa na shimo pataota kitu cha Jemuel, na hata ile ya kweli ikija siku moja ndotoni, ikabisha hodi, itakuta nyumba ina mtu... "Baba," mama anasema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "tusikie kaka yako," hakulitaja jina lakini amekaribia, amekaribia kabisa, na Jemuel anasema, "Sasa hivi, mama mkubwa," mdomo huo, mbele kama kawaida, sasa hivi, na anajiuliza imekuwaje, mtu umekaa na mtu bega kwa bega, umepuliza naye tangu utoto, harusini, ibadani, kwenye mashua, uwanjani, ukalewa naye, ukapigana naye, na huna sauti yake hata moja, unazo zako zote, ulikuwa wapi wewe alipokuwa akipuliza... alikuwa wapi. Alikuwa anavuta pumzi. Hilo ndilo jibu, wala halihitaji chuo kikuu, kila Ellison aliposema kitu yeye alikuwa anavuta pumzi aseme cha kwake, anajaza kifua, anatengeneza midomo, anatazama wasichana wa Ahia kama wanamwona, hajawahi kumsikia, alimngoja tu amalize, wimbo mzima walioupuliza maisha yote yeye alisikia nusu, nusu yake, na ile nusu nyingine waliisikia watu wote waliopita njiani isipokuwa yeye, na Ellison je, Ellison alimsikia? Alimsikia, alikuwa akimwambia, leo sauti yako ya nne imelegea, Jemu, umekula nini, kumbe alikuwa anasikiliza huku anavuta pumzi, kumbe inawezekana, na siku ile asubuhi alipoondoka kwenda kambi ya magogo na begi lake, alisimama mlangoni akasema maneno, Jemuel anakumbuka alichojibu yeye, alijibu utani mzuri sana kuhusu miti, watu waliokuwapo walicheka, anaukumbuka utani wote neno kwa neno, lakini Ellison alisema nini kabla ya utani... alisema kitu. Midomo ilitembea. Kisha lori la kampuni likamrudisha chini ya turubai, mti umeanguka upande usiopangiwa, na kaburini Jemuel ndiye aliyechimba kwa kasi kuliko wote na kujisifu kwamba kachimba kwa kasi kuliko wote, na aliwachekesha watu, na wakasema yule mtoto ana moyo wa jiwe, na hakulia kwa sababu kulia ni kusema amekufa, na yeye alikuwa na njia ya kuzuia, mimi napuliza pande zote mbili, nani kafa, hajafa mtu... amekufa. Amekufa kaka yake. Neno lenyewe limeingia sasa hivi, kwa mlango wa mbele, likakaa, na halikuuliza ruhusa, na ajabu ni kwamba linauma pungufu kidogo kuliko kulisukuma... anafumbua macho, darasa liko vilevile, Rosina, Neville, Clement, mama, kidole juu ya kitufe, mianzi imebaki pale pale karibu na midomo, midomo ya mianzi nayo imekuwa myekundu kutokana na popoo la miaka yote ile, na ndani, karibu hivi, mna harufu, popoo, chokaa ya kutafunia popoo, na kitu kingine kilichochacha kidogo, mate ya mtu, pumzi iliyokaa ndani ya kila mwanzi tangu mara ya mwisho, hakuna aliyeipuliza tangu yeye, mama aliifunga kwenye shati ilivyokuwa, na ukipuliza sasa, Jemuel, ukipuliza chochote, cha kweli au cha uongo, utaitoa, utaisukuma nje ya dirisha la darasa la tano na haitarudi, basi hapana, hapulizi, atamwambia mama kwanza, si wasomi, wao watasikia hapo hapo na waandike wanavyotaka, waandike upande mmoja na wa pili waache wazi, au waufute wote kama alivyosema Clement, atageuka kwa mama mkubwa na kusema neno ambalo hajawahi kulisema tangu ajue kuongea, sijui, mama, siujui upande wake, nilikuwa naye tu, sikuusikia, na kama wewe unao hata kipande, hata kile cha kusema wa pili umechelewa, niambie, mimi nitakaa nikusikilize, na kama huna, basi hatuna wote wawili, tutakaa hivyo... neno liko tayari, limeshafika nyuma ya meno, lakini kwanza, kwa kuwa ni mara moja tu na haitakuwapo nyingine, anaweka midomo juu ya mianzi ya Ellison na anavuta, anavuta ndani pumzi ile, polepole, mwanzi hadi mwanzi, kifua kinajaa, na Profesa Neville, akiona kifua kile kinavyopanda, anadhani wimbo unaanza, anaitikia kwa kichwa kwa furaha na kubonyeza kitufe.